Nikilia usiku, naulisha ugonjwa?

"Shikamoo Daktari. Nina miaka 44, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Iringa. Miaka miwili iliyopita niligundulika na saratani ya titi, nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa dripu za dawa ya saratani, nikamaliza. Mwaka huu imerudi, wameiona kwenye mifupa, wakaniambia ni hatua ya nne. Sasa kila wiki tatu napanda basi kwenda Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwa ajili ya dripu. Ndugu zangu na wenzangu wa jumuiya wananipenda, ila kila mmoja ananiambia neno lilelile: 'Jipe moyo, usiwaze mabaya, kansa inapenda watu wenye mawazo.' Najitahidi. Mchana nacheka na kila mtu. Usiku nalia chooni ili watoto wasisikie, hasa siku ya tatu na ya nne baada ya dripu. Hata mgongo unaoniuma usiku, hii ni wiki ya tatu, sijamwambia daktari, maana nikilalamika nitaonekana nimekata tamaa. Wifi yangu anasema nikilia naulisha ugonjwa. Je, ni kweli? Binti yangu anapata kipaimara mwezi wa nane na nataka anione nina nguvu. Mtu wa hatua ya nne anabakije na moyo?"

Marahaba, mwalimu. Swali la wifi yako nitalijibu, na la moyo pia, lakini naanza na sentensi uliyoipitisha katikati ya barua kana kwamba ni jambo dogo. Mgongo. Mtu ambaye saratani imefika kwenye mifupa yake, akiumwa mgongo wiki tatu mfululizo, tena usiku akiwa amelala, hajalalamika akisema. Ametoa taarifa ambayo daktari wake anaihitaji leo. Ugonjwa unaweza kuidhoofisha pingili ya mgongo hadi ikabonyea au ikaanza kuikandamiza mishipa ya fahamu inayopita ndani yake. Ikigundulika miguu ingali na nguvu, kuna mengi ya kufanya. Ikigundulika miguu imeshalegea, mara nyingi nguvu hairudi yote. Inawezekana kabisa kwamba mgongo wako una sababu nyepesi, hata kiti cha basi cha safari ya karibu kilomita 500. Lakini uamuzi huo si wako wala wangu. Ni wa daktari atakayekushika mgongo, akapima nguvu za miguu na kuagiza picha.

Nimeliweka hilo mbele kwa sababu ndilo linalonifanya nisiupende ushauri wa "usiwaze mabaya", hata kama unatoka kwa watu wema. Umekaa na dalili wiki tatu ili uonekane una moyo. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kwenye kazi yangu ya tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu na dalili za ugonjwa mzito, nimewaona wagonjwa wengi wanaoficha maradhi ndani ya maradhi: kila mtu anajua ana saratani, ila maumivu, kutolala, hofu na choo kigumu anavibeba peke yake.

Sasa wifi. Hapana, machozi hayaulishi ugonjwa. Saratani inaanza pale ambapo maelekezo ya urithi ndani ya seli yameharibika, seli ikasahau kuacha kugawanyika. Ikishakua inajitafutia damu na njia ya kusafiri, na kwako imepata makazi kwenye mifupa. Haina namna ya kujua kama leo umecheka au umelia. Najua kwetu neno "mawazo" limebeba mzigo mkubwa. Tunasema fulani aliuawa na mawazo, na mara nyingine tunasema hivyo kwa sababu ugonjwa wenyewe hatukuujua jina. Mawazo yanaharibu usingizi, hamu ya kula na amani ya nyumba, na hiyo inatosha kuyatibu. Ila hayakukuletea saratani na hayakuirudisha.

Dhana kwamba moyo wa kupambana unaishinda saratani haikutoka hewani. Mwaka 1979 watafiti wa London walichapisha utafiti wa wanawake 69 wenye saratani ya titi ya hatua za mwanzo. Waliokuwa na ari ya kupambana walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi kuliko waliokubali yaishe kimyakimya. (Waliokana kabisa kwamba wanaumwa nao walifanya vizuri, lakini hilo sijawahi kumsikia mtu akilihubiri.) Habari ikaenea dunia nzima. Mwaka 1999 swali lilirudiwa Uingereza kwa wanawake 578, na safari hii ari ya kupambana haikuonekana kumwongezea mtu siku. Mwaka 2007 wakaja watafiti wa Marekani na wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo: hali ya hisia zao haikutabiri nani angeishi zaidi.

Sitakuficha upande wa pili. Katika utafiti ule wa 1999, wanawake waliokuwa wamezama kabisa katika kukata tamaa, na wenye sonona nzito, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, walikuwa na matokeo mabaya zaidi. Mimi nalisoma hivi: mtu aliyezama kiasi hicho anahitaji kutibiwa, na huenda ndiye anayeacha dawa na asiyerudi kliniki. Kumwambia atabasamu hakumsaidii. Wewe unalia chooni usiku, asubuhi unaandaa watoto, na kila wiki tatu unapanda basi. Huko siko kukata tamaa ninakokuzungumzia.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, wa Boston, uliochapishwa 2010. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa waligawanywa makundi mawili. Wote walipata matibabu ya saratani ya kawaida, lakini kundi moja lilianza mapema kuonana pia na wataalamu wa tiba shufaa, yaani watu wa kushughulikia maumivu, pumzi, usingizi, hofu na mipango ya familia. Kundi hilo lilikuwa na sonona kidogo, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.6 wakati kwa wenzao ilikuwa miezi 8.9, na waliishi hivyo ingawa mwishoni walipewa matibabu makali machache zaidi. Hakuna aliyewaambia wafurahi. Walitulizwa maumivu wakaulizwa wanaogopa nini. Hao walikuwa wagonjwa wa mapafu, kwa hiyo usizichukue hesabu zao ukajipimia. Wengi wenye saratani ya titi iliyobaki kwenye mifupa tu huishi miaka, hasa kama ugonjwa unaitikia dawa za homoni. Muulize daktari wako kama wako ni wa aina hiyo. Ni swali la haki yako na jibu lake limo kwenye faili.

Turudi kwenye siku ya tatu na ya nne, maana hapo umeniandikia jambo la thamani bila kujua. Dripu nyingi wanazopewa wagonjwa wa titi huambatana na dawa iitwayo deksamethasoni, ya kuzuia kichefuchefu na mzio. Angalia kadi yako au waulize wauguzi. Ni dawa nzuri, lakini inachezea hisia. Siku ya kwanza na ya pili mtu anakuwa mchangamfu kupita kiasi: anafua, anapanga kabati, saa nane za usiku macho makavu. Dawa ikikoma, mwili unashuka ghafla kama gari lililozimwa injini mlimani. Baadhi ya watu wanalia bila sababu, wanakuwa na hasira, viungo vinauma. Ongeza hapo usiku mbili bila usingizi, safari ya kutwa nzima kwenye basi, na uchovu wa dripu yenyewe. Angekuwa mwanafunzi wako, ungemwambia ana udhaifu wa imani?

Fanya hivi: chukua daftari, andika kwa mizunguko miwili siku ya dripu, siku ya pili, ya tatu, ya nne, na pembeni neno moja moja, "nimelala", "nimelia", "mgongo". Mwalimu hahitaji kufundishwa kutunza rejista. Ukimwonyesha daktari mpangilio huo anaweza kubadilisha kiwango cha deksamethasoni, au kuihamishia asubuhi ili usingizi urudi. Usiikate mwenyewe, kwa baadhi ya dripu ndiyo inayokukinga na mzio mkali. Na hata kabla daktari hajabadilisha chochote, ukijua kwamba siku ya tatu inakuja na kwamba ya tano kwa kawaida inapita, kilio kinapungua ukali. Unalia, lakini hujiulizi tena kama unaharibikiwa.

Maumivu nayo yanastahili maneno yake. Hakuna anayeweza kuwa na moyo huku mfupa unamchoma usiku kucha, na anayejaribu anatumia nguvu ambazo angezitumia kuzungumza na wanawe. Maumivu ya mifupa yanatibika kwa njia kadhaa: vidonge vya kawaida, mionzi (mara nyingi dozi moja tu inatosha kutuliza sehemu moja inayouma, bila kukaa Dar wiki nzima), dawa za kuimarisha mifupa, na mofini. Najua mofini inaogopwa. Watu husema ni dawa ya anayeaga, au kwamba ukiianza utakuwa teja. Mofini ya maji ya kunywa, ikipimwa kulingana na maumivu na kuongezwa polepole, haifupishi maisha, na kwa mwenye maumivu ya saratani uteja ni nadra. Nimeona watu wakirudi shambani na dukani nayo. Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akiwa na fomula rahisi ya unga na maji, tangu 2004 hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Dawa ya kukatisha tamaa isingetafutiwa njia zote hizo za kuifikisha kijijini. Kero yake kubwa ni choo kigumu, kwa hiyo ikianzwa, idai dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo.

Uchovu nitaupitia haraka. Si uvivu, na haumalizwi kwa kulala tu. Omba damu ipimwe, wakati mwingine imeshuka na inaweza kuongezwa. Tembea kidogo kila siku, hata kuzunguka uwanja wa shule mara moja, kama daktari akishauona mgongo na kukuruhusu. Na yatambue masaa yako mazuri. Wengi wanayo mawili au matatu, na wanayamaliza kwa vyombo.

Sonona sasa, maana kuna mstari kati ya huzuni na sonona na ni lazima uujue. Kwa mtu asiye na saratani tungeuliza kama amekonda, amechoka, hana hamu ya kula. Kwako hayo hayatusaidii, dripu peke yake inaweza kuyaleta. Jiulize mengine: je, kwa wiki mbili sasa, karibu kila siku na siyo zile siku mbili za baada ya dripu tu, hakuna kinachokufurahisha tena? Mtoto akileta kituko cha shuleni, unacheka kweli au unacheka kwa mdomo? Unajiona mzigo, au kwamba unaadhibiwa? Ikiwa jibu ni ndiyo, huenda hiyo ni sonona, na ina tiba: mazungumzo na mtaalamu, na dawa ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Jambo moja la kiufundi, kwa kuwa linasahaulika: kama unatumia tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya titi, au utaandikiwa baadaye, mwambie anayekupa dawa ya sonona, kwa sababu baadhi yake, kama fluoksetini na paroksetini, huipunguza nguvu tamoksifeni. Zipo nyingine zisizofanya hivyo. Na ukifikia kufikiri kwamba heri ufe, au ukaanza kupanga namna, usimalize usiku huo peke yako. Mwamshe mtu, hata wifi, na mwende hospitali.

Umeniuliza kuhusu kubaki na moyo mbele ya watoto. Mdogo wangu, watoto wanasikia. Choo cha nyumba nyingi zetu hakizuii sauti. Mtoto anayesikia mama analia halafu asubuhi anaambiwa hakuna kitu, hujitungia sababu, na mara nyingi sababu anayoitunga ni yeye mwenyewe. Binti wa umri wa kipaimara anaweza kupokea ukweli ukipimwa vizuri. Unaweza kumwambia: "Ugonjwa wa mama umerudi. Dawa zinaupunguza makali, haziumalizi. Hauambukizi, na hakuna ulichofanya kuuleta. Siku nikiwa kimya nimechoka tu, sijakukasirikia." Akiuliza kama utakufa, usikimbie. Mwambie leo hatujafika huko, na kwamba siku mambo yakibadilika atayasikia kutoka kwako, siyo kwa majirani. Kisha timiza. Umesema unataka akuone una nguvu. Hayo ni maneno ya mtu mwenye nguvu, hata kama utayasema machozi yakishuka.

Kwa wifi na wenzako wa jumuiya, wengi wanasema "jipe moyo" kwa kuwa wanaogopa na hawana la kufanya na mikono yao. Wape kazi. "Wifi, siku ya tatu baada ya dripu njoo unipikie uji, ukae tu, usiniambie kitu." Utashangaa atakavyopumua. Sala endelea nazo, sina ugomvi nazo hata kidogo, wagonjwa wangu wengi husimama kwa hizo. Ninapokataa ni pale mtu anapokuambia uache dawa ili kuthibitisha imani. Na kama kuna unga wa mitishamba umeletewa, usiuonee aibu, uonyeshe kwa daktari, kwa sababu baadhi huingiliana na dripu au kuumiza ini.

Ukiwa Ocean Road, waulize wauguzi kuhusu tiba shufaa, na kama kuna wanawake wengine wanaokutana kuzungumza. Mwaka 1989 ilidaiwa Marekani kwamba vikundi vya namna hiyo huongeza maisha. Uchunguzi mkubwa zaidi wa Kanada, wanawake 235, ulipochapishwa 2001 haukuona nyongeza ya siku, lakini uliona hisia nafuu na maumivu machache, hasa kwa waliokuwa na dhiki zaidi. Mimi hilo linanitosha. Mwenzako wa hatua ya nne hakuambii usiwaze mabaya. Anakuuliza umelalaje.

Na matumaini? Wengi wanadhani lipo moja tu, la kupona, na likiondoka mtu anabaki mtupu. Kwa walioishi na ugonjwa huu miaka, nimeona matumaini yakishuka ukubwa na kuongezeka idadi. Usiku mmoja bila mgongo. Kumaliza mtaala na darasa lako. Gauni jeupe la binti mwezi wa nane. Hilo la mwisho mwambie daktari wa saratani waziwazi, pamoja na tarehe. Mara nyingi dripu inaweza kusogezwa siku chache ili sherehe isiangukie siku ya nne, ila hatasogeza asichokijua. Kama ipo siku ya kulia kanisani, iwe kwa sababu ya askofu na mafuta, siyo deksamethasoni.

Kuna mambo ambayo hayasubiri tarehe ya Dar. Joto likifika nyuzi 38 au ukitetemeka kwa baridi, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu wakati kinga iko chini, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, useme mlangoni kwamba uko kwenye dripu za saratani. Kiu isiyoisha pamoja na choo kufunga na kuchanganyikiwa inaweza kuwa madini ya kalsiamu yamepanda kutoka kwenye mifupa. Inatibika, na ndugu ndio huiona kabla yako, kwa hiyo waambie. Kukosa pumzi, au mguu mmoja kuvimba, vilevile.

Mgongo umo kwenye orodha hiyo. Usisubiri dripu ijayo. Kesho asubuhi nenda hospitali ya rufaa ya mkoa na faili lako, mwambie daktari neno kwa neno: "Nina saratani ya titi kwenye mifupa, na mgongo unaniuma usiku wiki ya tatu." Ila usiku wa leo ukiona mguu unalegea au unapigwa ganzi, au mkojo hautoki, au ganzi imeingia sehemu za kukalia, mwamshe wifi akupeleke usiku huohuo.